Nusu Karne ya Raga ya Viti Mwendo, Ikitazamwa Kutoka Miguuni pa Meru

Jioni moja mjini Winnipeg, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada, vijana kadhaa waliopooza mikono na miguu walikutana ukumbini kunyanyua vyuma. Watu wa kujitolea waliozoea kuwasaidia hawakutokea. Kwa simulizi ya Duncan Campbell, aliyekuwa mmoja wa vijana hao, badala ya kurudi nyumbani walichukua mpira wa wavu wakaanza kurushiana. Vidole vyao havikuwa na nguvu ya kuushika, basi wakaudakia mapajani. Aliyetaka kumpokonya mwenzake hakuwa na njia ila kumkumba kwa kiti chake. Kiti kikagonga kiti, na mchezo ukazaliwa.

Hiyo ilikuwa kati ya mwaka 1976 na 1977. Waasisi wanaotajwa ni watano: Gerry Terwin, Duncan Campbell, Randy Dueck, Paul LeJeune na Chris Sargent. Waliuita Murderball, mpira wa kuuana, jina lililowafukuza wadhamini lakini likawafurahisha wachezaji waliochoka kubebwa kama mayai. Leo unaitwa raga ya viti mwendo. Unachezwa katika zaidi ya nchi 30, una shirikisho lake la dunia, na medali zake hutolewa katika Michezo ya Paralimpiki.

Nusu karne imetimia. Kwa mtu anayeishi Arusha, Usa River au Ngaramtoni, historia hii inaweza kuonekana ya mbali, mambo ya kumbi za sakafu ya mbao na nchi za theluji. Lakini ukiifuata kwa makini utakuta inapita jirani sana na hapa. Majeraha yaliyouzaa mchezo huu yapo katika vijiji vya Meru na Kilimanjaro, na elimu ya kutengeneza kiti kinachofaa imekuwa ikifundishwa Moshi, mwendo usiofika kilomita mia kutoka mnara wa saa wa Arusha, tangu mwaka 1999.

Tuanze na sababu iliyowafanya wale vijana wa Winnipeg wabuni mchezo mpya, wakati michezo ya viti ilikuwepo tayari.

Daktari Ludwig Guttmann, mkimbizi kutoka Ujerumani, alifungua kitengo cha majeraha ya uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944. Tarehe 29 Julai 1948 aliwakusanya askari wa zamani 16, wanaume 14 na wanawake 2, wakashindana kulenga shabaha kwa mishale. Mashindano hayo madogo ndiyo yaliyokua hadi kuwa Paralimpiki, ambayo ilifanyika kwa mara ya kwanza Roma mwaka 1960. Mpira wa kikapu wa viti ulikuwepo tangu mwanzo, na ukawa mchezo mkubwa kuliko yote.

Kikapu, hata hivyo, kina mwenyewe. Kina mtu ambaye miguu imepooza lakini kifua na mikono ni mizima: aliyeumia mgongo sehemu za chini, au aliyepooza kwa polio, au aliyekatwa mguu. Aliyevunjika shingo hawezi kuinua mpira mpaka kwenye pete iliyo mita 3.05 kutoka sakafuni. Akisajiliwa, anakaa pembeni. Kwa hiyo miongoni mwa walemavu wenyewe kulikuwa na waliotengwa, nao ni wale walioumia zaidi. Vijana wa Winnipeg walikuwa wa kundi hilo, na walichokifanya ni kuushusha mlingoti: goli likawa mstari wa chini, upana wa mita 8, kati ya koni mbili. Atakayevuka mstari huo magurudumu mawili, mpira ukiwa mikononi mwake, amefunga.

Uwanja ni uleule wa kikapu, mita 28 kwa 15. Kila upande una wachezaji wanne uwanjani, na mechi ina robo nne za dakika 8. Mwenye mpira lazima audundishe au autoe kabla ya sekunde 10 kwisha. Timu ina sekunde 12 za kuvuka nusu ya uwanja na sekunde 40 za kufunga. Kiti kugonga kiti kunaruhusiwa, na ndiyo ladha yenyewe. Mkono kumgusa mtu ni kosa. Anayetazama kwa mara ya kwanza hushtuka anapoona mtu amepinduliwa kiti na yeye ndani yake, amefungwa mikanda, na mwamuzi hajapuliza kipenga. Wachezaji huvaa glavu zenye gundi ili kiganja kisicho na nguvu kikamate ukingo wa gurudumu.

Moyo wa mchezo huu, hata hivyo, uko kwenye pointi. Kila mchezaji hupimwa kabla ya kushindana, kisha hupewa namba kuanzia 0.5 hadi 3.5 kwa kupanda nusu-nusu, yaani madaraja saba. Mwenye 0.5 ana nguvu kidogo kabisa mabegani na mikononi. Mwenye 3.5 anaweza kuendesha kiti kwa kasi na kuukamata mpira vizuri. Jumla ya wanne walioko uwanjani isizidi 8.0. Akiwemo mwanamke, timu huongezewa 0.5 kwa kila mwanamke, kwa kuwa wanaume na wanawake hucheza pamoja.

Hesabu hiyo ndiyo iliyofunga mlango wa kuwaacha wanyonge benchi. Kocha anayetaka nyota wawili wa 3.5 amekwisha tumia pointi 7.0, na iliyobaki ni 1.0 tu: lazima awaingize wawili wa 0.5. Nao hawaingii kujaza nafasi. Viti vyao vina chuma kilichochomoza mbele, mithili ya ndoano, na kazi yao ni kuinasa miguu ya kiti cha mshambuliaji ili mwenzao apite. Mabingwa wengi wamefungwa na mtu ambaye hakugusa mpira mechi nzima. Mwanzoni upimaji ulikuwa wa kitabibu, wenye madaraja matatu yaliyotokana na mahali uti ulipojeruhiwa. Mwaka 1991 ukaja utaratibu wa sasa unaopima anachoweza mtu kufanya uwanjani, na hapo mlango ukafunguka kwa walioathirika viungo kwa sababu nyingine pia, ilimradi ulemavu umegusa angalau viungo vitatu.

Mchezo ulitoka Kanada kwa miguu ya waasisi wenyewe, kama tunaweza kusema hivyo. Mwaka 1979 Campbell na wenzake waliuonyesha katika chuo kikuu cha Southwest State, jimboni Minnesota, Marekani. Mwaka 1981 Brad Mikkelsen akaunda timu ya kwanza ya Marekani katika Chuo Kikuu cha North Dakota, na mwaka uliofuata nchi hizo mbili zikakutana. Mwaka 1990 ukaonyeshwa Stoke Mandeville, nyumbani kwa Guttmann. Mwaka 1993, nchi 15 zikiwa tayari zinacheza, likaundwa shirikisho la kimataifa.

Taasisi hiyo haikuzaliwa na nyumba yake. Ilianza kama idara ndani ya shirikisho la jumla la michezo ya viti lililotokana na Stoke Mandeville, na ilikaa huko hadi mwaka 2010 ilipojitegemea. Lakini ilikuwa na haraka. Mwaka 1994 Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki iliutambua mchezo. Mwaka 1995 ubingwa wa dunia wa kwanza ukafanyika Nottwil, Uswisi, kwa timu nane, na Marekani ikalibeba kombe. Mwaka 1996 ukachezwa Atlanta kwa maonyesho, bila medali kuhesabiwa kamili. Sydney mwaka 2000 ndiko medali zilikoanza, na fainali ilikuwa ya aina yake: Marekani 32, Australia 31.

Kuanzia hapo ni zamu kwa zamu. New Zealand ilichukua dhahabu Athens mwaka 2004 kwa kuifunga Kanada. Marekani ikarudi Beijing 2008. Australia ikatawala London 2012, ilipoifunga Kanada 66 kwa 51, kisha ikatetea Rio 2016 kwa mechi ambayo bado inasimuliwa: 59 kwa 58 dhidi ya Marekani, baada ya muda wa nyongeza mara mbili. Uingereza ilishinda Tokyo, na Kylie Grimes akawa mwanamke wa kwanza kuvaa dhahabu ya mchezo huu. Japani ilifika kileleni Paris mwaka 2024 kwa 48 dhidi ya 41 za Marekani.

Tazama namba hizo tena. Bingwa wa mwaka 2000 alifunga mabao 32 katika fainali, wa mwaka 2012 alifunga 66. Binadamu hawakubadilika sana katika miaka 12. Kilichobadilika ni sheria za muda wa kushambulia, na zaidi ya hapo, kiti.

Wale vijana wa Winnipeg walicheza kwa viti vyao vya kila siku, vilevile walivyotumia kwenda chooni na sokoni. Kiti cha leo cha raga ni chombo cha vita vidogo: fremu ya aluminiamu iliyochomelewa kwa vipimo vya nyonga za mtu mmoja, magurudumu yaliyoinama kuelekea ndani kwa juu ili kiti kigeuke ghafla bila kupinduka, vifuniko vya kuzuia spoku zisivunjwe, kigurudumu kidogo nyuma cha kuzuia mchezaji asianguke chali. Cha mshambuliaji kina mabawa ya pembeni yanayoteleza kwenye ndoano za wapinzani. Cha mlinzi kina bampa ndefu. Bei yake ni maelfu ya dola. Hakikunjwi, hakiingii kwenye daladala, na nje ya uwanja hakifai kwa lolote. Filamu ya Murderball ya mwaka 2005, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, iliwaonyesha watu wa mataifa mengi viti hivyo kwa mara ya kwanza. Wengi walidhani vimetoka kwenye filamu ya kubuni.

Sasa tuje kwenye orodha ya nchi. Tangu Sydney 2000 hadi Paris 2024 zimefanyika Paralimpiki saba, kila moja ikiwa na timu nane za raga ya viti. Hizo ni nafasi 56. Hakuna hata moja iliyochukuliwa na timu ya Afrika. Afrika Kusini inacheza mchezo huu, lakini kwa miaka mingi ililazimika kutafuta tiketi kwenye kanda ya Asia na Oceania, ikipambana na Australia, Japani na New Zealand, kwa sababu shirikisho liligawa dunia katika kanda tatu na Afrika haikuwa na yake. Kukutana na bingwa wa dunia kwenye mchujo wa awali si mwanzo mzuri kwa yeyote.

Ni rahisi kusema tatizo ni fedha, na fedha kweli ni tatizo. Lakini bara hilihili limetoa wachezaji wa kikapu cha viti, wa tenisi ya viti, wa kunyanyua vyuma, wa mikuki na tufe. Tanzania imepeleka timu ya tenisi ya viti kwenye mchujo wa Afrika wa Kombe la Dunia la Timu. Tembo Warriors, timu yetu ya soka ya waliokatwa viungo, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022, jambo ambalo Taifa Stars haijalikaribia. Kwa nini basi raga ya viti ikose?

Jibu liko shingoni. Michezo ya viti barani Afrika ilijengwa kwa kiasi kikubwa na kizazi cha polio, watu waliokua na mikono imara kwa sababu waliitumia kama miguu tangu utotoni. Raga ya viti ilijengwa na watu waliovunjika shingo ukubwani, na mtu wa namna hiyo lazima kwanza aishi. Kabla ya vita vya pili vya dunia hata Ulaya wengi wao walikufa ndani ya muda mfupi, si kwa jeraha lenyewe bali kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Guttmann alianza kwa kupambana na hayo mawili kabla ya kufikiria mishale. Nchi isiyo na godoro sahihi, katheta safi na muuguzi anayejua kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache haiwezi kuwa na timu ya raga ya viti, kwa sababu wachezaji wake wako makaburini.

Polio yenyewe inatoweka. Kisa cha mwisho cha virusi vya asili nchini Tanzania kilikuwa mwaka 1996, na mwaka 2015 nchi ikathibitishwa kuwa huru. Kizazi kile cha mikono imara kinazeeka. Wanaoingia kwenye viti mwendo sasa ni wengine.

Watafiti wa Hospitali ya KCMC, Moshi, waliopitia kumbukumbu za wagonjwa wa mkoa wa Kilimanjaro, walikadiria kuwa kwa mwaka zaidi ya watu 26 katika kila milioni hupata jeraha la uti wa mgongo kwa ajali. Sababu ya kwanza ni kuanguka kutoka juu, ya pili ni ajali za barabarani. Wengi ni wanaume walio katika umri wa kufanya kazi. Anayeijua miteremko ya Meru na Kilimanjaro hatashangaa: watu hupanda miparachichi na migrevilea kukata majani ya ng'ombe na kuvuna matunda, bila kamba, mara nyingine baada ya mvua. Chini barabarani ziko bodaboda, kuanzia Ngaramtoni na Sakina hadi Tengeru na Usa River. Kijana aliyeanguka mtini na kijana aliyejirusha majini Kanada wanaweza kuwa na jeraha lilelile, kwenye pingili ileile ya shingo. Campbell mwenyewe aliumia kwa kupiga mbizi akiwa na miaka 17.

KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na imekuwa hospitali ya rufaa ya kanda yote ya kaskazini. Ndani ya eneo lake, mwaka 1981, kwa msaada wa Ujerumani, kilianzishwa chuo cha TATCOT cha kufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa tiba vya mifupa. Chuo hicho kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Wengi wa watu wa Arusha wanaokijua wanakijua kwa miguu ya bandia. Lakini mwaka 1999 kilianza kozi ya mwaka mmoja ya mafundi wa viti mwendo, na mshirika wake alikuwa shirika la Uingereza liitwalo Motivation.

Historia ya Motivation inafanana kwa namna ya ajabu na ile ya Winnipeg. David Constantine alivunjika shingo mwaka 1982 nchini Australia, naye pia kwa kupiga mbizi. Akiwa mwanafunzi wa usanifu katika chuo cha Royal College of Art, London, alishirikiana na mwenzake Simon Gue kubuni kiti kwa ajili ya nchi maskini, na ubunifu huo ukashinda shindano. Mwaka 1991 walikwenda Bangladesh kukitengeneza kwa chuma na mafundi wa huko, na shirika likazaliwa. Walipofika Moshi hawakuja na kontena la viti vya msaada, vile vya hospitali vinavyokunjika, ambavyo kwenye njia ya mawe huishi miezi michache tu. Walikuja na mtaala. Mwanafunzi alijifunza kupima nyonga, kina cha kiti na urefu wa mguu, kuchomelea fremu, kushona mto unaozuia vidonda, na kuelewa kwa nini kiti cha magurudumu matatu, lile la mbele likiwa mbali, kinapita vizuri kwenye udongo wetu kuliko cha manne.

Mambo hayo yote ndiyo yaliyoingia mwaka 2008 katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu viti mwendo vya kusukumwa kwa mikono katika nchi zenye uwezo mdogo, ulioweka wazi kwamba kiti kisichopimwa kwa mtu humjeruhi. Moshi ilikuwa inayafundisha hayo karibu muongo mzima kabla. Baadaye Motivation ilibuni pia viti vya michezo vya bei nafuu: vya tenisi, vya kikapu, na vya raga. Kwa maneno mengine, watu walioleta ufundi wa viti Kilimanjaro ndio haohao walioona kwamba mchezo wa matajiri unaweza kuchezwa na wengine ikiwa kiti kitatengenezwa vingine.

Mtu akiuliza kama jambo hili linawahusu watu wa Meru, aende Usa River. Pale kando ya barabara kuu ya Moshi kipo kituo cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri kinachowafundisha vijana wenye ulemavu ufundi wa mikono. Mjini Arusha iko Shanga, karakana iliyoanza mwaka 2007, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza vyombo na mapambo kwa vioo vilivyoyeyushwa, na watalii hupanga foleni kuvinunua. Moshi kuna KASI, chama cha walioumia uti wa mgongo mkoani Kilimanjaro. Chama cha namna hiyo hufanya kazi ambayo hospitali haiiwezi: mtu aliyekaa kwenye kiti miaka mingi humfundisha aliyeumia juzi namna ya kujihamisha kitandani, kujikagua vidonda, na kurudi kwa watu. Raga ya viti nayo ilianzia kwa watu wa namna hiyo. Haikuanzia kwenye wizara wala kwenye kamati ya Olimpiki. Ilianzia kwa watu wachache waliokutana ukumbini.

Na raga yenyewe si ngeni Arusha. Mji huu ni miongoni mwa ngome za raga nchini, na klabu ya Arusha Rhinos inajulikana na kila mpenzi wa mchezo. Kwingineko duniani mashirikisho ya raga ya miguu yamekuwa jamaa wa karibu wa raga ya viti, na mashabiki wa Australia na Uingereza huzishangilia timu zote mbili kwa nyimbo zilezile. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba sheria za mchezo wa viti hazifanani sana na raga. Zinafanana zaidi na za kikapu, mpira wa mikono na magongo ya barafuni. Kilichochukuliwa kutoka kwenye raga ni tabia ya kugongana na kisha kupeana mikono.

Sheria zipo pia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao Ibara yake ya 30 inataja wazi haki ya kushiriki michezo, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Karatasi hizo hazina kasoro kubwa. Kasoro iko kwenye ngazi tatu za kuingilia ukumbini, kwenye choo chenye mlango wa sentimeta sitini, na kwenye daladala isiyosimama inapoona kiti. Uwanja mpya unaojengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027 utahukumiwa kwa hayo pia, si kwa idadi ya viti vya watazamaji pekee.

Mwaka 2021 shirikisho la mchezo lilibadili jina na kuwa World Wheelchair Rugby. Jina jipya lina neno "dunia" mwanzoni, na kwa shirikisho ambalo halijawahi kuona timu ya Afrika katika Paralimpiki, neno hilo bado ni deni. Wa kulilipa si wao peke yao. Yapo mambo yanayoweza kuanza hapa bila kusubiri ofisi ya ng'ambo.

Mafundi waliosoma TATCOT wanaweza kuchomelea kiti cha mlinzi chenye bampa. Muundo wake haufichwi, na mabomba ya chuma yanauzwa katika maduka ya mtaa wa Unga Limited. Kitakuwa kizito kuliko vile vya Paris, lakini Winnipeg ilianza na vizito zaidi. Uwanja wa kikapu wa saruji unatosha kwa mazoezi, ikiwa matairi ni magumu na wachezaji wamefungwa mikanda sawasawa. Wauguzi na wataalamu wa tiba ya viungo, wanaowajua walioumia shingo kwa majina, wanaweza kuwatuma wanne wa kwanza. Klabu ya raga inaweza kutoa waamuzi, mpira na jioni moja ya wiki. Kazi ngumu kuliko zote, ya kuhakikisha mtu aliyeanguka kwenye mparachichi kule Nkoaranga anabaki hai bila vidonda mpaka afike kwenye kiti, ni ya hospitali na halmashauri, nayo ilipaswa kufanyika hata kama mchezo huu usingekuwepo.

Kwa anayetaka kuanza, hesabu ni hii: viti vinane, mpira mmoja wa wavu, koni nne, na watu wanane ambao pointi za kila wanne hazizidi 8.0.